Sauti ya Upande wa Pili

1

Taarifa ya mtambo wa Kipambanuzi iliingia saa mbili na dakika tano asubuhi, siku ya Jumatatu, na Leokadia Kapele akaisoma akiwa bado amesimama, koti lake la mvua likichuruzika maji sakafuni. Ilikuwa fupi. Ziwa Rukwa lilikuwa limepanda sentimita thelathini na moja kwa siku sita. Udongo wa nyanda za juu za Ufipa ulikuwa umeshiba maji. Mvua nyingine kubwa ilitarajiwa Alhamisi, na Mto Msanda ungekutana na ziwa katika vijiji viwili vya bondeni, Mlenje na Kilanda, kabla ya Ijumaa asubuhi. Chini kabisa, ndani ya kisanduku chake, kulikuwa na tarakimu iliyotakiwa na sheria: fungu la binadamu, sitini na nne kwa mia.

Kila mtu alijua tarakimu ile inavyopatikana, au alidhani anajua. Kipambanuzi kilichukua vipimo vya mvua, joto na upepo, kikaunda dunia elfu moja zenye moshi wote ambao wanadamu wameutoa, kisha dunia elfu moja nyingine ambazo moshi huo haukuwahi kutolewa. Kikahesabu mafuriko ya aina hii yanatokea mara ngapi huku na mara ngapi kule. Tofauti yake ndiyo iliyoitwa fungu la binadamu. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini.

Kuitangaza taarifa hiyo haikuwa kazi ya Leokadia. Yeye alikuwa mhariri wa Upande wa Pili wa Redio Ukingo, Sumbawanga, na kazi yake ilikuwa kuipinga.

Alivua koti, akaketi, akaandika hoja tatu. Ziwa hili limewahi kupanda zamani na likarudi lenyewe. Wiki iliyopita Kipambanuzi kilisema hamsini na nane, leo kinasema sitini na nne, kwa hiyo chenyewe hakina uhakika. Watu wa bondeni wanalijua ziwa lao kuliko mashine iliyowekwa mlimani. Hakuna hoja iliyokuwa uongo mtupu. Miaka tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kutafuta ukweli mdogo na kuuweka mahali ambapo utauziba ule mkubwa, na alikuwa ameizoea kazi hiyo kiasi kwamba ilimchukua robo saa tu.

Aliituma rasimu kwa Msawazishi, mtambo uliokaa kati ya chumba cha habari na mnara. Msawazishi akapima dakika mbili na sekunde kumi kwa kila upande, akapima uzito wa maneno, akawasha taa ya kijani. Saa tatu kamili mtangazaji alisoma upande wa kwanza. Kisha akasema, kama alivyosema kila siku, "Na sasa, upande wa pili, Injinia Zeno Sikazwe."

Sauti ikaingia. Ilikuwa nzito na ya taratibu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa sentensi, sauti ya mtu aliyezoea kuongea kando ya mashine ya kuchimba visima. Ilisoma maneno ya Leokadia kana kwamba imeyafikiria usiku kucha. Hata yeye, aliyekuwa ameyaandika muda si mrefu, alijikuta akisikiliza.

Saa nne kasoro, dada wa mapokezi alimpigia simu ya ndani.

"Dada Leokadia, kuna mzee hapa anasema," alisita. "Hasemi. Ameandika kwamba yeye ni Injinia Sikazwe."

Mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa buti za mpira, na shingoni alikuwa amefunga kitambaa cheupe kilichofunika tundu la kupumulia. Mapajani alikuwa na kibao cha kuandikia, kile cha kioo ambacho wanafunzi hutumia. Leokadia alijua habari zake kwa makaratasi tu. Miaka kumi na moja iliyopita alifanyiwa upasuaji wa koo, na kabla ya siku ya upasuaji alirekodiwa kwa saa sitini na kutia saini kwamba sauti yake itunzwe na itumike na Upande wa Pili kadiri sheria inavyoruhusu. Sheria ilikuwa changa wakati ule. Wenye shaka walikuwa wanapungua kila mwaka, na Sheria ya Pande Mbili ilitaka kila habari ya tabianchi iwe na mpinzani. Pale mpinzani hai alipokosekana, sauti iliyotunzwa ilitosha. Jambo hilo liliandikwa wazi katika tangazo la serikali ambalo wasikilizaji hawakuwahi kulisoma.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Leokadia."

Aliitikia kwa kichwa, akaandika kwa herufi kubwa: NIMEKUJA KWA SABABU YA TAARIFA YA ASUBUHI.

"Umemsikia mtangazaji?"

NIMEJISIKIA.

Leokadia akaketi kando yake. Mzee alifuta kibao, akaandika kwa muda mrefu, kisha akamgeuzia. Alikuwa ameweka kumbukumbu za kina cha ziwa kwa miaka arobaini, kwa mkono, kwenye madaftari. Siku zote alilalamika kwamba Kipambanuzi hakilijui ziwa lake, kwamba kinalipima kama beseni. Miaka mitatu iliyopita wataalamu walikubali hatimaye kuyaingiza madaftari yake. Alitegemea fungu la binadamu lishuke. Lilipanda, kutoka arobaini na moja hadi sitini. Alikaa miaka miwili akitafuta kosa.

"Na hukulipata," Leokadia alisema.

NILIKUWA NA HAKI YA KUULIZA. NIMEJIBIWA. Akafuta, akaandika tena: ANAYESEMA ZIWA LITARUDI LENYEWE NI NANI?

2

Meneja wa kituo, Thadei Malema, alikuwa mtu mnene mwenye subira, na aliwasikiliza wote wawili, mmoja kwa masikio na mwingine kwa macho, bila kukatiza.

"Mzee, nakukumbuka," alisema mwishowe. "Nilikuwa hapa ile siku mtangazaji wetu alipokucheka hewani. Alikuwa anasema ziwa litafika Sumbawanga. Wewe ukamuuliza litapandaje mteremko wa mita elfu moja. Akakuita mtu aliyetumwa na wauza mafuta."

Injinia akaandika: SIKUWAHI KUTUMWA NA MTU.

"Najua. Tulikuwa tunapiga kelele tu wakati ule. Kila mvua tuliita mwisho wa dunia, na kila aliyeuliza swali tulimwita mwongo. Watu wakaacha kutuamini, na walikuwa na sababu. Ndiyo maana sheria ilipokuja, sisi wenyewe tulishangilia." Alisugua macho. "Sasa nikikuondoa leo, sina wa kuweka badala yako. Kubadilisha sauti ni siku sitini za maombi kwa Baraza la Mizani, wasimamizi wa sheria. Na habari isiyo na upande wa pili haitoki. Msawazishi anaikata."

"Basi sauti yenyewe iseme kwamba amebadili mawazo," Leokadia alisema.

Aliandika sentensi hiyo hapohapo na kuituma. Taa ikawaka nyekundu. Maelezo yakafuata: sauti iliyosajiliwa Upande wa Pili haiwezi kutoa hoja za Upande wa Kwanza.

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Leokadia alikuwa anawaza vijiji viwili. Mlenje kulikuwa na watu mia sita na kitu, Kilanda mia mbili na arobaini. Mkuu wa wilaya alikuwa ameshawataka wahame, na hakuna aliyehama, kwa kuwa kila tangazo la kuhama lilifuatiwa na sauti ya mtu waliyemjua, mtu aliyewachimbia visima miaka thelathini iliyopita, akiwaambia kwa upole kwamba ziwa hili lina tabia yake.

Kisha wazo likamjia. Akaandika haraka:

"Mimi Zeno Sikazwe bado sikubali kwamba moshi ndio chanzo. Ziwa hili linapanda kwa tabia yake, kama lilivyofanya zamani. Lakini safari hii litapita juu ya nyumba. Watu wa Mlenje na Kilanda, hameni kabla ya Alhamisi."

Akatuma. Msawazishi alipima maneno, akakuta chanzo bado kinapingwa, akawasha kijani.

Malema alivuta pumzi. "Hiyo itawaondoa wote kufikia kesho jioni."

Leokadia alimgeuzia mzee kioo cha kompyuta. Injinia Sikazwe alisoma mara mbili. Akaandika neno moja: HAPANA.

"Mzee, hawa ni watu mia nane."

Mzee aliandika: SENTENSI YA KWANZA NI UONGO. IKISEMA HIVI NA MAJI YAKAJA, HAKUNA ATAKAYEIPINGA TENA. MWAKANI ITAWAAMBIA WAKAE, NA WATAKAA.

"Mwakani tutajua la kufanya," Malema alisema.

NA MIAKA KUMI NA MOJA ILIYOPITA MLISEMAJE?

Malema alimgeukia Leokadia. "Kwa mkataba hatuhitaji ruhusa yake. Sauti ni ya Upande wa Pili, na mhariri wa Upande wa Pili ni wewe. Mimi siwezi kukuamuru wala kukukataza. Ukibonyeza, inatoka saa saba."

Leokadia aliikalia rasimu ile dakika ishirini, na baadaye, mbele ya watu waliokuwa na haki ya kuuliza, aliweza kuzieleza karibu zote. Aliwaza kwamba uongo ule ulikuwa mdogo kuliko mwingi aliokwisha kuuandika. Aliwaza kwamba huyu mzee alikuwa ameketi mbele yake, ana macho, ana mikono, na yeye alikuwa anataka kumvalisha tena maneno aliyoyakataa. Aliwaza pia, na hili ndilo lililomsumbua zaidi siku zilizofuata, kwamba kama sauti ingewaokoa watu, basi miaka yake tisa ingeonekana kama kazi njema.

"Tukienda wenyewe," alimuuliza, "utasimama mbele yao?"

NDIYO.

"Mlenje kesho, Kilanda keshokutwa. Muda unatosha."

Akafuta rasimu. Mwili wake ulipata nafuu, kama mtu aliyetua mzigo.

3

Barabara ya kushuka bondeni ilikuwa na matope hadi kwenye ekseli, na gari la kituo lilichukua saa tano mahali pa saa mbili. Jumanne saa sita na nusu walifika Mlenje. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, Pudensiana Katepa, mkulima wa mpunga, mwenye sauti ndogo ambayo watu walinyamaza ili kuisikia. Aliwakaribisha kwenye ghala la chama cha ushirika, ambako watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameshakusanyika kwa sababu mvua ilikuwa imewazuia kwenda shambani, na kwa sababu habari ilikuwa imewatangulia kwamba Injinia anakuja.

Wazee kadhaa walimtambua mara moja. Walimshika mkono, wakamwonyesha watoto na wajukuu. Mmoja alimwambia kisima cha kanisani bado kinatoa maji matamu. Injinia alitabasamu na kuitikia kwa kichwa, na watu wakadhani anawaheshimu kwa ukimya.

Juu ya mlango wa ghala kulikuwa na kipaza sauti cha redio, ambacho hufunguliwa kila siku saa saba ili watu wasikie bei ya mpunga na hali ya hewa. Leokadia alikuwa anawaeleza watu yeye ni nani kilipokoroma na kuanza. Ilikuwa taarifa ileile ya jana, imerudiwa. Upande wa kwanza ukasomwa. Kisha: "Na sasa, upande wa pili, Injinia Zeno Sikazwe."

Sauti ikajaa ghalani. Ziwa hili limewahi kupanda zamani. Ninyi mnalijua kuliko mashine.

Watu waliangalia kipaza sauti, kisha wakamwangalia mzee. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfunika mdomo. Injinia Sikazwe alifungua fundo la kitambaa shingoni, akakiondoa, wakaliona tundu.

Sauti iliendelea kwa dakika mbili na sekunde kumi, na hakuna aliyesogea mpaka ilipokwisha.

"Zima hiyo," Pudensiana alisema. Ilipozimwa, akamgeukia Leokadia. "Huyu hawezi kusema tangu lini?"

"Miaka kumi na moja."

"Basi aliyekuwa akizungumza na sisi ni nani?"

Leokadia alikuwa ameandaa maelezo njiani, ya sheria, ya mkataba, ya Msawazishi. Yote yalimtoka.

"Ni mimi," alisema. "Sauti ni yake, inatolewa na mashine. Maneno nayaandika mimi. Ya leo niliyaandika jana asubuhi."

Minong'ono ilianzia nyuma na kuja mbele. Kijana mmoja, mrefu, mwenye jembe begani, aliyeitwa Kizito, alipenya katikati ya watu.

"Na ile ya kwanza, ya mafuriko, nani anaiandika?"

"Inatoka kwenye Kipambanuzi."

"Mashine nyingine."

"Ndiyo. Lakini hiyo inapima."

"Jana ulituambia haipimi vizuri. Umesema ilibadilisha namba. Ulikuwa unadanganya jana au unadanganya leo?"

"Namba ilibadilika kweli," Leokadia alisema. "Inabadilika kila vipimo vipya vinapoingia. Nililijua hilo, nikaliacha bila kulieleza."

"Kwa hiyo unajua kudanganya kwa kusema kweli."

Watu kadhaa walianza kutoka. Mwanamke mmoja alisema kwa utulivu kwamba mwaka juzi mumewe alikataa kupanda mbegu ya muda mfupi kwa sababu ya yule Injinia wa redioni, na kwamba mwaka ule walikula mihogo ya msaada. Alisema hivyo bila kumtazama Leokadia, akachukua mwavuli wake, akaondoka.

Injinia Sikazwe aliigusa mikono ya Pudensiana na kumwashiria amfuate. Alitoka naye nje mvuani hadi kwenye ukuta wa ghala. Akaomba chaki ya kuandikia magunia. Akafungua daftari kwenye ukurasa fulani, akapima kwa mkono kutoka ardhini, akajinyoosha juu ya kichwa chake na kuchora mstari. Watu waliobaki wakatoka kuangalia. Chini ya mstari aliandika: IJUMAA.

Pudensiana alichukua daftari, akalishika kifuani ili lisilowe, akasoma. Zilikuwa safu za tarehe na sentimita, kurasa kwa kurasa, nyingine kwa penseli.

"Hivi vipimo umevichukua mwenyewe?"

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini maji yanapanda hivi? Ni huo moshi?"

Akaandika kwenye kibao: KWA SEHEMU KUBWA, NDIYO. ZAMANI NILIKATAA. Akafuta. LAKINI MAJI YATAFIKA HAPA HATA UKIKATAA.

"Na ukiwa umekosea?"

MTARUDI NYUMBANI, MTANICHEKA.

Pudensiana aliangalia mstari ule kwa muda. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na mstari ulikuwa juu ya madirisha yake.

"Sitamsikiliza huyu dada," alisema kwa sauti ya kutosha wote wasikie. "Wala redio yake. Nahama kwa sababu ya daftari. Anayetaka kuja aje. Na nikirudi nikakuta nyumba yangu imekauka, Injinia, nitakufuata hukohuko Sumbawanga."

Kufikia saa kumi trekta mbili za ushirika zilikuwa zimeanza kubeba magodoro, wazee na mbuzi kuelekea mteremkoni. Kizito ndiye aliyeendesha ile ya kwanza.

Habari ya daraja ilikuja saa kumi na robo. Mto Msanda ulikuwa umelibeba, siku mbili kabla ya wakati uliodhaniwa, na Kilanda ilikuwa ng'ambo. Leokadia alisimama chini ya paa la ghala na Injinia pembeni yake. Mzee alikuwa ameshaelewa. Alikaa na kibao mkononi, akaandika polepole, akamgeuzia: ISEME.

"Una hakika?"

Alilipigia kidole lile neno.

Leokadia akampigia Malema.

"Andika upya ile rasimu," alimwambia. "Maneno yaleyale. Injinia amekubali. Itoke sasa hivi."

"Sauti imefungwa, Leokadia. Mtu ghalani alirekodi mkutano wenu, ukasambaa. Baraza limeifungia tangu saa tisa, mpaka uchunguzi uishe."

"Basi toa taarifa ya Kipambanuzi peke yake."

"Haitoki. Nimejaribu mara nne. Hakuna upande wa pili, Msawazishi anakata. Inatoka kwaya."

"Wapigie simu Kilanda."

"Nimempigia mwenyekiti wao. Mtu mstaarabu sana. Amesema anashukuru, atasubiri taarifa ya saa moja amsikie Injinia anasemaje."

Leokadia alimpigia mwenyekiti wa Kilanda mwenyewe. Alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Yule mtu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila hasira, kwamba mchana huohuo yeye na mkewe walimsikia Injinia kwa masikio yao, na kwamba mjini siku hizi watu hutengeneza mambo mengi. Akamtakia safari njema.

4

Maji yalifika Mlenje Ijumaa kabla ya alfajiri. Yalisimama sentimita saba chini ya mstari. Hakuna aliyekufa. Boti za wilaya zilifika Kilanda Ijumaa mchana, zikawaokoa watu waliokuwa juu ya mapaa na juu ya kichuguu kimoja kikubwa nyuma ya shule. Watu kumi na tisa hawakupatikana wakiwa hai. Mwenyekiti wao alikuwa mmoja wao.

Baraza la Mizani lilikaa mwezi uliofuata. Lilimwona Leokadia ana kosa moja, kwamba alihutubia mkutano wa hadhara kuhusu chanzo cha mafuriko kwa muda wa saa moja na nusu bila kualika upande wa pili. Alisema kwamba upande wa pili ulikuwepo, ulizungumza kwa dakika mbili na sekunde kumi, na kila mtu aliusikia. Maneno yake yaliandikwa katika kumbukumbu, na leseni yake ya uhariri ikafutwa. Kuhusu rasimu aliyoifuta Jumatatu hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kufuta rasimu halikuwa kosa. Aliitaja mwenyewe. Mwenyekiti wa kikao alimshukuru, akaita shauri lililofuata.

Injinia Sikazwe aliomba sauti yake ifutwe kabisa, na baada ya siku sitini ilifutwa. Redio Ukingo ilipata sauti nyingine, ya mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka mkoa mwingine, mwanamke, mpole. Leokadia aliisikia siku moja dukani. Hoja zilikuwa tatu. Aliyeziandika alikuwa na kipaji.

Bondeni hali ilikuwa tofauti. Watu wa Mlenje hawakufungua redio tena, hata kwa bei ya mpunga. Mwezi wa kumi onyo la joto kali lilitolewa, la kweli, lenye pande zote mbili, na hakuna aliyelijali. Wazee wawili walikufa shambani. Baada ya hapo Pudensiana alituma mtu kwa Injinia kuomba awafundishe vijana sita kupima wenyewe, ziwa, mvua na joto. Injinia alihitaji mtu wa kumsemea darasani. Alimwita Leokadia, na Leokadia akaenda, akijua kwamba hawatamwita mwalimu. Walimwita "yule wa redio", naye aliitika.

Walionusurika Kilanda walikuwa bado kwenye kambi iliyofunguliwa kwenye uwanja wa shule, juu ya mteremko. Leokadia alikuwa akipita hapo kila alipopanda kutoka Mlenje, na kwa wiki nyingi hakuteremka kwenye gari. Siku aliyoteremka, alikuta foleni ya maji kwenye bomba, akasimama kando. Mwanamke mmoja wa rika lake, amejifunga khanga kiunoni, alitoka kwenye foleni akamjia.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamwandikia Injinia."

"Ndiyo."

"Naitwa Oresta. Mimi ni wa Kilanda." Alitua ndoo chini. "Wanasema ile Jumatatu ulikuwa umeandika atuambie tuhame. Kisha ukafuta. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Leokadia alimweleza. Alimwambia kwamba sentensi ya kwanza ilikuwa uongo, kwamba mzee alikataa, kwamba sauti ile ingezidi kuaminiwa na mwaka mwingine ingewapoteza watu wengi zaidi. Alisema pia kwamba alidhani kuna muda. Oresta alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayejaribu kweli kuelewa.

"Tungemsikiliza," alisema. "Mume wangu alikuwa anampenda yule mzee kuliko padri. Angesema hameni, tungehama jioni ileile, na watoto."

"Hakuwa yule mzee."

"Nimeshaambiwa." Alifikiri kidogo. "Hayo ya mwakani unayoyasema, inawezekana ni kweli. Mimi sijui. Lakini ungetudanganya tu, dada. Tungekuwepo wa kukukasirikia."

Foleni ilikuwa imesogea, na mtu akamwita Oresta asipoteze zamu yake. Akarudi, akajaza ndoo. Ilikuwa kubwa, ya lita ishirini, na njia ya kwenda kwenye mahema ilikuwa na utelezi. Leokadia alishika mkono mmoja wa ndoo. Oresta hakumkataza. Walitembea bila kuzungumza hadi hema la nne, wakaitua ndoo mlangoni. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja.